Ufafanuzi Kuhusu Ufugaji wa Kamba wa Maji Baridi, kwa Mfano wa Kilema, Moshi

Wananchi na watumishi wa Serikali wanafahamishwa kuwa ufugaji wa kamba wa maji baridi, yule mwenye magando mawili makubwa mithili ya kaa, ni miongoni mwa shughuli ambazo hutajwa mara kwa mara panapozungumzwa njia mpya za kujipatia kipato kwa wenye mabwawa. Husemwa kuwa anakua upesi, hali chakula cha ghali, na mahoteli humtaka. Maneno hayo yote yana ukweli ndani yake, na ndiyo maana yanahitaji kufafanuliwa. Makala haya yanaeleza mnyama huyo ni nani, amefanya nini katika nchi za jirani alikopelekwa, na kwa nini mtu anayetaka kumfuga inampasa kwanza ajibu suali moja: maji ya bwawa lake, yakishatoka bwawani, yanakwenda wapi?

Kwanza ni jina, kwa sababu hapo ndipo mkanganyiko huanzia. Kwetu Unguja na Pemba mtu akisikia kamba mkubwa wa thamani, hufikiri kamba koche, ambaye ni wa baharini, hukaa katika mapango ya miamba, ana pembe ndefu na hana magando. Baadhi ya wageni humwita kamba koche kwa jina lile lile la Kiingereza wanalomwita huyu wa maji baridi, na wafanyabiashara wetu wakalichukua jina hilo kama walivyolisikia. Hao ni wanyama wawili mbalimbali kabisa. Vifaranga vya kamba koche huelea katika bahari kuu kwa miezi mingi kabla ya kurejea miambani, na kwa hivyo kumzalisha bwawani ni kazi ngumu mno. Huyu wa pili hahitaji bahari hata kidogo. Katika makala haya tutamwita kamba wa magando.

Inafaa ieleweke kuwa bara zima la Afrika, ukiondoa kisiwa cha Madagaska, halikujaaliwa kuwa na kamba wa magando wa asili. Madagaska wanao wa kwao, aina saba, wanaoishi katika mito ya milimani na hawapatikani pengine popote duniani. Hivyo basi kamba wa magando yeyote anayeonekana leo katika ziwa, mto au lambo la Afrika Mashariki, yeye au wazee wake waliletwa na mkono wa binaadamu.

Aliyeenea zaidi ni yule mwekundu ambaye wataalamu humwita Procambarus clarkii. Kwao ni kusini mwa Marekani na kaskazini mwa Meksiko. Katika jimbo la Louisiana wakulima humfuga pamoja na mpunga, na utaratibu wao ni wa kupendeza: mpunga ukishavunwa, shamba hujazwa maji tena, mabua yaliyobaki huoza, vijidudu huzaliana katika mabua hayo, na kamba hula vijidudu na mabua. Mkulima hanunui chakula kingi, wala hahitaji kupandikiza vifaranga kila mwaka, kwa sababu majike hujichimbia mashimo katika kingo za shamba, hukaa humo wakati wa ukame na hutoka na watoto maji yanaporudi. Msimu wa kuvua kwa mitego huanza karibu na mwezi wa Novemba na kuendelea mpaka katikati ya mwaka unaofuata. Mpunga na kitoweo hutoka katika shamba lile lile. Wachina nao, ambao kamba huyu aliwafikia kutoka Japani mnamo mwaka 1929, wameigeuza shughuli hiyo kuwa biashara kubwa kuliko zote duniani. Tangu mwaka 2020 mavuno yao yamepita tani milioni mbili kwa mwaka, na mengi hutoka mashamba ya mpunga ya jimbo la Hubei. Wao huzungushia mashamba yao uzio wa nyavu au plastiki ili kamba asipande na kutoka.

Ukisoma habari hizo peke yake, utasema huu ndio ufugaji endelevu wenyewe. Lakini tabia zinazomfanya mnyama huyu kuwa mfugo mzuri nyumbani kwake ndizo hizo hizo zinazomfanya mgeni mgumu kwa watu. Jike hubeba mayai mamia kadhaa chini ya mkia, na watoto huanguliwa wakiwa wameshakamilika, hawana haja ya maji ya chumvi wala ya kituo cha kuzalishia. Hula majani, konokono, mayai ya samaki, mizoga na hata wenzake. Bwawa likikauka huchimba na kusubiri. Usiku wa mvua hutoka majini akatembea juu ya nchi kavu kutafuta maji mengine, na mradi matamvua yake yana unyevu, anaweza kukaa nje ya maji kwa siku kadhaa. Kwa maneno mengine, mtu anaweza kumsafirisha akiwa hai ndani ya kikapu chenye majani mabichi, na wavu unaowekwa kwenye mdomo wa bomba la kutolea maji, ambao humzuia samaki, yeye haumzuii, kwa kuwa hapiti bombani. Hupita juu ya ukingo.

Mfano wa jirani uliochunguzwa kwa muda mrefu zaidi ni wa Ziwa Naivasha, Kenya. Kamba wa magando walitiwa ziwani humo mwaka 1970 wakitokea Uganda, ambako walikuwa wameletwa katika miaka ya 1960. Nia ilikuwa njema: kuongeza aina ya mazao katika ziwa ambalo hata samaki wake wa biashara walikuwa wa kuletwa. Miaka mitano baadaye, mwaka 1975, uvuvi wa kibiashara ulianza, na kwa kipindi fulani mamia ya tani yalisafirishwa Ulaya. Hapo mtu angeweza kuandika taarifa ya mafanikio na kufunga jalada.

Tatizo lilijitokeza chini ya maji, mahali ambapo hapatazamwi na mtu mpaka mambo yameshaharibika. Majani yanayoota ndani ya ziwa, ambayo ni maficho ya vifaranga vya samaki na chakula cha ndege, yalianza kupungua, na kufikia mwanzoni mwa miaka ya 1980 yalikuwa yametoweka kwa sehemu kubwa. Mayungiyungi nayo yakatoweka. Wavuvi wa perege waliona kamba akila samaki waliokwishanaswa na kuharibu nyavu, na mvuvi wa nyavu anajua gharama ya tundu moja. Majani yalipokwisha, chakula cha kamba nacho kikapungua, idadi yake ikashuka. Majani yakaanza kurudi, na kamba naye akarudi juu, majani yakaliwa tena. Ziwa likawa linapanda na kushuka namna hiyo, na biashara ya kusafirisha nje haikuweza kusimama juu ya msingi unaotikisika. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 akaingia mgeni mwingine, samaki aitwaye kapu, ambaye baadaye alichukua sehemu kubwa ya mavuno ya ziwa, na kamba wakapungua tena. Mpaka leo hakuna aliyefanikiwa kuwaondoa kabisa.

Na hili msomaji alizingatie: Ziwa Naivasha halina mto unaotoka. Maji huingia kwa mito na kupotelea chini ya ardhi. Kama kulikuwa na mahali pa kumfungia mnyama wa namna hii, ni pale. Hata hivyo leo anapatikana katika malambo na mito mingine ya Kenya, ukiwemo Ewaso Ng'iro, na katika mto huo wachunguzi wameona kaa wa asili wa mtoni wakipungua pale kamba alipofika. Hakwenda kwa maji peke yake. Kuna waliombeba.

Uganda anapatikana katika Ziwa Bunyonyi, karibu na Kabale, ambako huvuliwa kwa mitego midogo na kuuzwa kwa watalii. Kipato kipo, ingawa kiasi. Zambia walileta aina nyingine, kutoka Australia, mwaka 2001 kwa ajili ya mabwawa ya ufugaji. Haukupita muda mrefu akawa mtoni Kafue na katika Ziwa Kariba, na sasa wavuvi wa huko wana malalamiko yale yale ya samaki kuliwa wakiwa wavuni. Mabwawa yaliyomleta yalikuwa ya watu wachache. Mto ni wa watu wote.

Sasa tuje Kilema. Tumeichagua kuwa mfano, ijapokuwa iko mbali na visiwa vyetu, kwa sababu mlimani safari ya maji inaonekana kwa macho, na kwa sababu ni mahali ambapo mtu mwenye bidii angeweza kwa urahisi kushawishika. Kilema ipo katika Wilaya ya Moshi Vijijini, upande wa kusini-mashariki wa Mlima Kilimanjaro, kati ya Marangu na Kirua Vunjo. Watu wake hulima kahawa na migomba katika vihamba, hufuga ng'ombe na mbuzi wa ndani, na ardhi ya kila mmoja ni ndogo, hupungua kila inaporithiwa. Bei ya kahawa hupanda na kushuka bila ya kumshauri mkulima. Katika hali hiyo kijibwawa nyuma ya nyumba si anasa.

Maji ya kujazia bwawa hilo hutoka kwenye mfongo. Mifongo ni mifereji ya asili iliyochimbwa na Wachagga kwa vizazi vingi, ambayo huchukua maji mtoni juu, karibu na msitu, na kuyatembeza kwa kufuata mteremko mpaka vihambani. Kila mfongo una wenyewe, una zamu zake na siku zake za kazi ya pamoja ya kuusafisha na kuuziba. Sehemu kubwa kingo zake ni udongo, mawe na majani. Hiyo ni hazina ya ufundi, lakini ni udongo. Kamba wa magando kazi yake ni kuchimba udongo, na shimo lake laweza kwenda chini hata kufikia mita moja. Ukingo wa bwawa ukitobolewa, hasara ni ya mwenye bwawa. Ukingo wa mfongo ukitobolewa kwenye mteremko, maji hupotea njiani na anayekosa zamu ni jirani wa chini, ambaye hakupata hata kamba mmoja wa kuuza. Wenye kujua migogoro ya maji ya mlimani hawahitaji kuelezwa zaidi.

Maji yanayobaki hurudi mtoni. Mito ya upande huo, ukiwemo Himo, hushuka mpaka tambarare na kuingia Mto Ruvu, unaotoka Ziwa Jipe, na Ruvu huingia katika bwawa la Nyumba ya Mungu. Kutoka hapo ni Mto Pangani wenyewe, kupita mabwawa ya asili ya Kirua, Korogwe, Hale, mpaka mji wa Pangani na bahari inayotutenganisha na Bara. Kwa msomaji wa Pemba, mto huu si wa kigeni: tangu mwaka 2010 kisiwa hicho hupata umeme kwa waya uliolazwa chini ya bahari kutoka Tanga, na vituo vya Hale na Pangani ni sehemu ya gridi hiyo. Hatusemi kamba atazima taa Chake Chake. Tunasema kuwa kijibwawa cha Kilema na mdomo wa Pangani ni kitu kimoja chenye ncha mbili.

Njiani humo wamo viumbe ambao hawana kwao kwingine. Perege wa Pangani na perege wa Ziwa Jipe ni wa bonde hilo tu, na tayari wamo katika hatari kwa sababu ya samaki wengine walioletwa na kuchanganyika nao. Katika Ziwa Chala, lililo ndani ya tundu la volkano mpakani mwa Tanzania na Kenya, yumo perege ambaye asili yake ni ziwa hilo peke yake. Chala haliungani na mto wowote kwa juu, na hivyo kamba hawezi kulifikia isipokuwa mtu amchukue. Lakini kutoka Himo mpaka Chala ni safari ya asubuhi moja. Wapo pia wavuvi wa Nyumba ya Mungu, wanaoishi kwa nyavu za perege kama wenzao wa Naivasha, na wapo wakulima wa mpunga wa tambarare ya Moshi, ambako skimu ya umwagiliaji ya Lower Moshi ilijengwa katika miaka ya 1980 kwa msaada wa Japani. Majaruba ya mpunga ndiyo nyumba anayoipenda mnyama huyu kuliko zote. Louisiana hilo ni faida kwa sababu mkulima wa mpunga na mfugaji wa kamba ni mtu mmoja, na kingo zake amezitengeneza kwa kazi hiyo. Mkulima ambaye hakumtaka kamba humpata kama anavyompata panya.

Baadhi ya watu husema kuwa baridi ya mlimani itamzuia asizaliane. Hoja hiyo imekwishajibiwa. Naivasha ipo mita zipatazo 1,890 juu ya usawa wa bahari, na Bunyonyi zaidi ya mita 1,900. Vihamba vingi vya Kilema vipo chini ya hapo. Ataishi. Lakini hapa ndipo hesabu ya mfugaji inapoharibika, maana kamba huyu hukua vizuri katika maji yenye joto la nyuzi 22 hadi 28 hivi, na maji ya mfongo yanayotoka msituni ni ya baridi zaidi. Kwa hivyo Kilema itapata sehemu mbaya ya kila upande: joto la kutosha mnyama kuenea, lisilotosha kumkuza upesi ili alipe gharama. Aidha sehemu inayoliwa ni mkia peke yake, na nyama yake ni kama asilimia 15 ya uzito wote. Kilo moja ya kamba hai hutoa gramu 150 hivi za nyama. Iliyobaki ni ganda na magando. Mnunuzi wa hoteli hulipa kwa ajili ya sura ya sahani. Mama wa nyumbani sokoni Kilema au Mwanakwerekwe hulipa kwa ajili ya kitoweo, na huyo ndiye mnunuzi wa kila siku.

Msomaji mwadilifu anaweza kuuliza: mbona kahawa nayo ni mgeni? Ni kweli. Buni ililetwa mlimani na wamisionari katika karne ya 19, na Kilema ni miongoni mwa mahali ilipopandwa mwanzo. Mwani tunaoulima Paje na Jambiani, tangu mwaka 1989, ulitokana na mbegu za Ufilipino, na maelfu ya akina mama wamejenga nyumba na kusomesha watoto skuli kwa zao hilo. Serikali haisemi kila kigeni kikataliwe. Lakini mbuni hautembei usiku, na mwani ukiachwa bila kufungwa kamba na vigingi haujengi ufalme. Mgeni wa kumfananisha na kamba wa magando tunaye hapa hapa: kunguru. Aliletwa Unguja kutoka Bara Hindi katika miaka ya 1890 ili asaidie kusafisha taka za mji. Taka hazikwisha. Kunguru amefika bara, amekula vifaranga vya kuku na vya ndege wetu kwa zaidi ya miaka 100, na juhudi zote za kumpunguza, kwa mitego na kwa sumu, zimekuwa za kuanza na kuanza tena.

Ipo hoja moja yenye uzito ambayo haifai kupuuzwa, khasa kwetu sisi. Kamba wa magando hula konokono wanaobeba vimelea vya kichocho. Uchunguzi uliofanywa Kenya na kuchapishwa mwaka 1999 ulionesha kuwa mahali fulani alipotiwa, maambukizo ya kichocho cha mkojo kwa watoto yalipungua. Kichocho bado kipo katika baadhi ya shehia za Unguja na Pemba, na mzazi ambaye mwanawe anakojoa damu hana nafasi ya kusikiliza habari za mayungiyungi. Lakini kazi hiyo inaweza kufanywa na kiumbe wa Afrika. Huko Senegali, baada ya bwawa la Diama kukamilika mwaka 1986 na kufunga njia ya kamba wa asili wa mtoni, kichocho kilipanda sana. Na matokeo yaliyochapishwa mwaka 2015 yalionesha kuwa kamba hao wa asili waliporejeshwa mahali pa kuchotea maji, konokono wenye vimelea walipungua, na maambukizo ya watu yakapungua pia.

Kamba hao ni wa jamii ya Macrobrachium. Ukoo wao upo pia katika mito ya mwambao wetu, na wavuvi wa Rufiji wanawajua. Wana sifa moja ambayo kwa mfugaji ni usumbufu na kwa nchi ni salama: mayai yao huanguliwa lakini vifaranga havikui isipokuwa katika maji yaliyochanganyika na chumvi, kwenye midomo ya mito. Akitiwa katika lambo la maji baridi hukua, huliwa, hula konokono, na hapo habari yake huisha. Hawezi kuzaa kizazi kipya humo. Anayetaka kuendelea inambidi apate vifaranga kutoka kituo cha kuzalishia. Kwa maana hiyo ufunguo hubaki mikononi mwa watu. Hawa ni wa joto, hawafai Kilema. Lakini kwa mabonde ya Pemba na kwa mwambao wa Tanga na Pwani, hapo ndipo wataalamu wetu wanapaswa kuelekeza juhudi, kwa kutumia aina za mito yetu wenyewe.

Kwa ndugu zetu wa Kilema, mkakati unaostahili kuitwa endelevu ni wa perege, ijapokuwa hauna mvuto wa jambo jipya. Makosa ya kawaida mlimani ni kuupitisha mfongo ndani ya bwawa usiku na mchana kwa kudhani kuwa maji yanayotembea ndiyo mazuri; samaki hubaki baridi na hakui, na mbolea yote huchukuliwa. Bwawa lichimbwe mahali pa jua, mbali na kivuli cha migomba, lijazwe mara moja kisha mlango ufungwe, na maji yaongezwe tu kufidia yanayopotea. Samadi ya mbuzi na ng'ombe wa ndani, iliyo tele vihambani, irutubishe maji mpaka yawe ya kijani. Vifaranga viwe vya madume ili wasizaliane wakabaki wadogo, na viwe vya aina ambayo afisa uvuvi wa halmashauri ameithibitisha kwa bonde hilo. Mavuno yatachelewa kuliko ya Kahe au Himo, ambako kuna joto, na wenye ndugu tambarare wanaweza kuona ni afadhali washirikiane nao huko. Hapa visiwani tunao mwatiko, kaa wa mikokoni na majongoo ya baharini, ambao vifaranga vyao vinashughulikiwa katika kituo cha Beit-el-Ras. Wote ni wa bahari yetu, na akitoroka mmoja amerudi kwao.

Nchi ambazo kamba wa magando ameshaingia zina mkakati wake mwingine, nao ni kumvua kwa wingi kadiri soko linavyoruhusu, kumuuza akiwa amekwishachemshwa au kugandishwa, na kuzuia asisafirishwe hai. Jambo hilo la mwisho ndilo lenye uzito zaidi. Umoja wa Ulaya, uliokuwa mnunuzi wa kamba wa Naivasha, tangu mwaka 2016 umepiga marufuku kumfuga, kumzalisha na kumsafirisha akiwa hai katika nchi zake, baada ya kupata hasara ya mito yake mwenyewe. Na Madagaska wameingiliwa na aina nyingine ambayo majike yake huzaa bila ya dume, kiasi kwamba mmoja tu katika ndoo anatosha kuanzisha ukoo.

Watumishi wa forodha, wa bandari na viwanja vya ndege wanakumbushwa kuwa masuala ya uvuvi yana sheria mbili katika Jamhuri ya Muungano. Kwa Tanzania Bara ni Sheria ya Uvuvi Namba 22 ya mwaka 2003 pamoja na Sheria ya Usimamizi wa Mazingira Namba 20 ya mwaka 2004. Kwa Zanzibar ni Sheria ya Uvuvi Namba 7 ya mwaka 2010 pamoja na Sheria ya Usimamizi wa Mazingira Namba 3 ya mwaka 2015. Kibali cha upande mmoja kisichukuliwe kuwa kinatosha upande wa pili. Mtu anayekusudia kuingiza kiumbe hai wa majini, awe wa chakula, wa mapambo ya nyumbani au wa majaribio, inampasa apate idhini kabla ya kusafirisha, na mzigo wa viumbe hai unaofika bila ya karatasi usiruhusiwe kwa hoja kwamba utaharibika. Anayetaka kuchimba bwawa katika bonde la Pangani na kuchukua maji ya mto awaone pia Bodi ya Maji Bonde la Pangani, ambayo ofisi yake ipo Moshi.

Mwananchi atakayemwona kamba mwenye magando katika mto, lambo au jaruba asimrudishe majini wala asimhamishie kwenye ndoo ya maji kwa kumwonesha jirani. Amuue kwa kumtia katika maji yanayochemka au katika barafu, amhifadhi, aandike mahali na tarehe aliyompata, kisha ampeleke kwa Sheha wa shehia yake au ofisi ya uvuvi ya wilaya. Kwa upande wa Bara ampeleke kwa mtendaji wa kijiji au afisa uvuvi wa halmashauri. Kaa wa kawaida wa mtoni, mwenye mwili wa duara na asiye na mkia, aachwe alivyo.